Ulimi wa Nguruwe wa Kipaimara

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Ijumaa, mchinjaji alimlaza nguruwe wa dada yangu ubavu, akamtia kijiti kati ya meno, akauvuta ulimi kwa kitambaa. Chini yake palikuwa na vivimbe vyeupe kama punje za wali.

"Ana tegu huyu," akaniambia. "Mimi sichinji."

Jumapili mpwa wangu alikuwa apokee kipaimara. Dada alikuwa amemlisha nguruwe huyo miezi tisa kwa ajili ya siku hiyo, na majirani wa mlimani walishaalikwa. Akasema tutachemsha mpaka nyama iachane na mfupa. Nilikuwa nimesoma kwamba nyama iliyoiva kabisa haiambukizi. Nilijua pia kwamba kwenye sherehe watu huonja mishikaki ikiwa bado inatoa damu. Nikakataa.

"Kaka, si wewe uliyesema nguruwe wa bandani hapati minyoo?"

Ni kweli. Banda nililijenga mimi, na nguruwe hakuwahi kutoka. Ulimi sikuwahi kumtazama, maana nilikuwa na uhakika.

Bwana mifugo alifika saa nne, akaamuru azikwe. Kisha akauliza nilichokuwa nimeanza kukiogopa: nguruwe hupata tegu kwa kula mayai yaliyomo kwenye kinyesi cha mtu. Huyu hatoki, nani amempelekea?

Dada akamwonyesha majani ya viazi kando ya migomba, ambayo mpwa wangu humkatia kila jioni. Kila nikija kutoka mjini, alfajiri, kwa uvivu wa kushuka mteremko hadi chooni, huishia kujisaidia kwenye migomba hiyo hiyo. Na mayai hayo mtu akiyameza, minyoo michanga yaweza kukaa ubongoni, ikamletea kifafa.

Nikasema mbele yao wote. Dada hakupaza sauti.

"Kitimoto chako cha mjini Mafiga, kaka, nguruwe asiyeiva. Umeona utugawie."

Jumapili wageni walikula kuku niliowanunua. Jumatatu tulipima choo, mimi, dada na mpwa wangu. Mayai yalionekana kwenye changu tu. Daktari alinipa dawa, akaeleza kwamba kipimo hicho hakionyeshi kilichoko kichwani. Mtoto aangaliwe, akianguka au kichwa kikimuuma mfululizo aletwe haraka. Hajaanguka. Kila Jumamosi nampigia dada simu kumuuliza, naye hujibu kabla sijamaliza swali.

Nguruwe, kuku, vipimo na vidonge nililipa mimi: shilingi laki nne na elfu tano.