Siku Saa ya Marehemu Ilipozaa

Nianze na waliokuwepo, maana kwetu jambo la ng'ombe halisimuliwi bila mashahidi. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo shemeji yangu, Mkongo wa Kivu ya Kusini anayeuza vipuri vya pikipiki kule Gitega. Si ndugu wa damu, alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, na urafiki wao ndio uliotufanya ndugu. Alikuwepo mke wake, ambaye tunaitana mukeba, yaani mke mwenza, kwa utani tu, kila mmoja alikuwa na bwana wake. Alikuwepo binti yao mkubwa, muuza vitenge sokoni, ndiye aliyeshika simu kwa sababu Kifaransa anakijua. Na mwanangu wa kwanza, anayeshughulikia makaratasi ya malori kule Kobero, aliyenipeleka kwa gari lake na kusema yeye atabaki mlangoni. Majina yao yote ninayo, na ya wazazi wao, hata ya ng'ombe wa babu zao. Ya watu nayaacha kichwani. Ya saa nitayataja.

Ndiyo, saa. Usinicheke. Tulikuwa tumekusanyika kutazama saa mpya zikitoka.

Kila mwaka mvua ikiwa bado inanyesha, zile nyumba kubwa za Uswisi zinazotengeneza saa za kutia ufunguo, zisizotaka betri, zinaonyesha mpya zao zote kwa pamoja. Shemeji hunipigia simu Buhinyuza akipiga kelele kama nyumba inaungua: "Shemeji, kuya! Zinatoka!" Nami naacha maharage yangu shambani, nakwenda.

Shemeji ana kundi. Sanduku la mbao limetandikwa kitenge ndani, na saa zimelala humo kila moja mahali pake. Nyingine alizipata Bujumbura zimekufa, fundi akazifufua. Nyingine zilitoka Dar es Salaam, nyingine kwa watu waliorudi Ulaya. Mwanzoni nilikuwa sizitofautishi, mpaka siku moja nikamwambia, "Shemeji, zipe majina kama ng'ombe, nitazijua." Akasema, "Basi we ndiye uzipe." Nikazipa. Ile ya uso wa kahawia ni Bihogo. Ile ndogo ya mkanda mwekundu ni Gaju. Tangu hapo sijapotea. Ikitoka mpya naitazama uso, mishale, na zile pembe zinazoshika mkanda, nasema: hii ni ya ukoo wa Bihogo, angalia pembe. Siku binti alipotuambia kwamba Wafaransa nao wanaziita pembe hizo kwa jina hilohilo, nilipiga makofi. Kumbe na wao walikuwa wafugaji!

Lakini mama wa kundi lote ni Gitare, ng'ombe mweupe. Ilikuwa ya mume wangu.

Tulipokuwa Tanzania mume wangu alimfanyia kazi mhandisi wa barabara, Mzungu mmoja mpole. Siku ya kuondoka kwake aliivua saa mkononi akampa. Uso wake ulikuwa mweupe kama maziwa, chini kuna kiduara kidogo chenye mshale wake wa sekunde, na namba kumi na mbili peke yake ndiyo nyekundu. Hatukujua ni kitu kikubwa. Kila asubuhi mume wangu alimwita mwanetu, akamwekea kidole kwenye kifungo: zungusha polepole, ikikataa usiilazimishe.

Tuliporudi Burundi, mvua ilitukuta Kobero na mizigo yote nje. Mkongo mmoja mwenye ghala, hatumjui hatujui kwao, akatuingiza, akatulisha, kesho yake akatupakia kwenye lori lake mpaka Buhinyuza. Hakutaka kitu. Huyo ndiye shemeji wa leo, kabla hajahamia Gitega. Sasa mtu wa namna hiyo, kwa desturi yetu, unampa ng'ombe. Sisi ng'ombe tungemtoa wapi? Mume wangu akavua saa, akaishika kwa mikono miwili, akampa.

Mwanangu, alikuwa bado mtoto, akatoka nje analia.

Yule Mkongo akasema, "Kaka, ng'ombe inazalaka, mutu anarudisha ndama. Saa haizalake. Nitakurudishia nini?"

Mume wangu akacheka. "Siku itakapozaa, utaniletea ndama."

Wote tuliokuwa ndani tulicheka. Mwanangu alikuwa nje, hakusikia. Yeye alibaki na machozi tu, yakakomaa ndani yake. Mpaka baba yake tunamzika, alikuwa anasema baba alidanganywa na mtu wa njiani. Nyumba ya Gitega hakuwahi kuingia kula. Huyo ambaye alipaswa kumwita baba mdogo, alimwita mzee, kama unavyomwita mtu wa kituo cha basi. Ndilo lililonikaa moyoni: sisi wazee tukiondoka, nyumba hizi mbili zinakufa na sisi.

Sasa mwaka huu uvumi ulianza mapema. Shemeji yuko kwenye kundi la simu la watu wanaopenda saa, na humo walikuwa wananong'ona kwamba ile nyumba iliyotengeneza Gitare inataka kuurudisha uso ule wa zamani. Aliponiambia sikulala vizuri. Kama ni kweli, basi Gitare inazaa!

Njiani, tumeshapita Karusi, mwanangu akaanza.

"Mama, watu wazima mnakusanyika kuangalia saa ambazo hamtazinunua?"

"Na wewe mpira unauangalia. Umeshanunua mchezaji gani?"

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. Halafu akasema, "Sawa. Lakini siingii. Mzee yule alimvua baba saa."

"Hakumvua. Baba yako alivua mwenyewe."

"Mkono umebaki mtupu vilevile."

Nilitazama nje.

Basi tukafika. Umeme ulikuwa umekatika, simu ya binti imeegemezwa kwenye birika la chai, sisi wote vichwa pamoja kama kuku kwenye mtama. Zikaanza kutoka. Moja ya dhahabu, mukeba akasema hiyo ni ya kuvaa kwenye jeneza. Moja ya uso wa bluu, shemeji akapiga meza: "Angalia! Angalia vile inang'aa!" Nikasema, "Ni mtoto wa Bihogo." Akasema, "Hapana, shemeji, mama yake ni ingine." Nikamwambia aangalie pembe. Akaangalia pembe, akaona haya. Mukeba akamcheka, "Amekushinda tena, papa! Uuze sanduku, ununue miwani."

Ikafika zamu ya nyumba ya Gitare. Shemeji akaivua mkononi, akaiweka juu ya kitambaa karibu na simu, ili kama ni mtoto wake tuwalinganishe. Mwanamume mmoja Mzungu akatokea, akaongea, akaongea, binti anatafsiri, "Anasema wamefungua makabati ya zamani... anasema wanarudi kwa..." Halafu picha ikasimama. Kiduara kikazunguka.

"Mega zimekwisha," binti akasema.

Ungesikia kelele! Shemeji ameshika kichwa. Mukeba anamgombeza binti kwamba video za harusi ndizo zimekula mega zote. Mimi nasema mtu akimbie dukani, mtu akimbie, na hakuna anayekimbia.

Sauti ikatoka mlangoni. "Msikimbie, mimi ninazo."

Mwanangu akaingia. Akatafuta pale tulipofikia, akaishika simu yake mwenyewe mbele yetu, mkono umenyooka.

Na saa ikatokea. Nyeupe ya maziwa. Kiduara chini na mshale wake mdogo. Namba zote nyeusi, na kumi na mbili, peke yake, nyekundu!

Mukeba alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Shemeji aliruka, mzee yule wa magoti mabovu, aliruka! Mimi nilikuwa nasema tu, imezaa, imezaa, imezaa. Mwanangu ndiye hakupiga kelele. Aliisogeza simu karibu na uso wake.

"Ni ya baba," akasema.

Shemeji akasimama sawasawa, akafunga kifungo cha koti. Akamgeukia.

"Mutoto yangu, siku ile we ulitoka inje unalia. Hukusikia baba yako alisema nini. Mi nilimwambia saa haizalake. Yeye akasema siku itazaa nilete ndama. Mama yako iko hapa, bibi yangu iko hapa, waulize."

"Nilisikia," nikasema.

"Na mimi," mukeba akasema. "Nilikuwa napika ndagala, zikaungua kwa kucheka."

"Bon," shemeji akasema. "Leo imezaa. Ndama yenyewe iko mbali, na watu wanaingojea ni wengi, sijue kama nitaipata. Lakini urafiki ya ng'ombe hairudishwake na maneno. Sanduku ile pale. Chagua mutamba, ng'ombe changa ya kuzaa."

Mwanangu akaweka simu. Akatembea mpaka mezani. Na mkono wake, niliuona, haukwenda kwenye sanduku. Ulikwenda kwenye kitambaa, kwa Gitare.

Hapo niliogopa. Kwa desturi yetu ukitoa ng'ombe umetoa. Ukimchukua yuleyule tena, hiyo ni kunyaga, na ukinyaga umevunja urafiki mbele ya watu wote. Mwanangu alikulia Tanzania, nani alimfundisha mambo hayo? Na ningemwambia vipi pale? Ningemwaibisha, na shemeji angejua alichokuwa anataka. Mukeba akatazama chini. Shemeji akawa anatabasamu, lakini midomo tu.

Mwanangu akainyanyua. Akaiweka sikioni. Akasikiliza, jamani, alisikiliza! Halafu akasema, "Leo hamjaitia ufunguo."

Akazungusha kile kifungo polepole, kwa kidole kilekile, mpaka kikakataa. Hakukilazimisha. Akauchukua mkono wa shemeji, akamfunga mkanda.

"Baba mdogo," akasema, "vaa ng'ombe wako."

Ndipo akafungua sanduku. Akatazama, akatazama, akaichomoa Gaju, ile ndogo ya mkanda mwekundu, kioo kimechubuka.

"Hii mbona imekonda?"

"Imekosa muchungaji," shemeji akasema, na sauti yake haikuwa nzuri, alikuwa analia.

"Nitaichunga Kobero. Majani yapo."

Tulikula pale. Mwanangu aliongeza wali mara ya pili, na mukeba akamuuliza miaka yote hiyo alikuwa anashiba kwa nani.

Tukirudi Buhinyuza nikamuuliza, "Ulijua habari ya kunyaga?"

"Kunyaga ni nini?"

Nikamweleza. Akashangaa kabisa. Akasema, "Mama, mimi nilikwenda kuichukua. Nilipoisikiliza, nikasikia inapiga vizuri kuliko ilivyokuwa ikipiga kwetu. Mtu aliyeitunza hivyo utamnyang'anyaje?"

Sasa ndiye anayenisumbua. Ananipigia kutoka Kobero, malori yananguruma nyuma yake: mama, wametoa mpya, uso wa kijani, mama yake ni nani? Yeye na baba yake mdogo wameandikisha majina yao kungojea ndama, na kila Jumapili wanapigiana kuulizana kama kuna habari. Hakuna. Wanapigiana tena.

Hayo ndiyo ninayokumbuka. Mukeba anasema shemeji hakuruka, alijikwaa tu, na binti anasema si mega zilizokwisha, ni mtandao ulioanguka. Labda. Wewe uliyekuwepo, hata jirani uliyechungulia, ukiona nimekosea njoo Buhinyuza uninyooshe. Njoo Jumapili ya kwanza ya mwezi: mwanangu na baba yake mdogo siku hiyo huwa kwangu wote wawili, wanabishana kama ndama atafika mwaka huu, na watakuambia upesi nilipoongeza chumvi.