Jamvi Nisilolikung'uta

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya kupura mpunga kwenye shamba la mbegu, nje kidogo ya Ifakara, miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Mimi na mume wangu, ambaye tumemzika mwezi uliopita, tulikuwa vibarua pale.

Kila aina ya mpunga ilikuwa na kipande chake na kijiti chenye jina. Ukimaliza kupura aina moja, sharti ukung'ute jamvi, ulikague kwa vidole, ndipo ulete nyingine. Siku hiyo wingu lilishuka kutoka milimani, nikaharakisha. Nikapura mpunga wa kuchelewa kuiva juu ya punje zilizosalia za mpunga wa mapema, nikajaza gunia. Kwa macho zilifanana. Lakini mkulima angepanda vile, mpunga mwingine ungepukutika huku mwingine ungali mbichi. Na gunia jingine la mbegu ile hatukuwa nalo.

Mume wangu aliona. Nikamwambia, "Nyamaza, wewe!"

"Mimi nitanyamaza. Wewe utaweza?"

Siku mbili nililizunguka lile gunia. Ya tatu, magunia yakipakiwa kwenda kwa wakulima, nilimkimbilia msimamizi wetu, Mzee Kasiani. Sitadanganya: niliogopa kufukuzwa kazi kuliko nilivyowaonea huruma wakulima.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona unahema, umefukuzwa na kiboko?"

"Lile gunia la mwisho lisiende. Sikukung'uta jamvi."

Kicheko kikamwisha. Alilishusha mwenyewe, kisha akanipeleka jikoni kwake. Juu ya meko vilining'inia vishada vya masuke, vyeusi kwa moshi. Kila aina, kabla haijapurwa, alikuwa akiitolea kishada kimoja cha akiba.

"Tutaanza na haya," akasema. "Misimu miwili, mitatu, gunia litarudi. Lakini usingesema, binti, ningejuaje kwamba yanahitajika?"

Nilishusha pumzi, nikalia, nikacheka. Mpunga ule uliochanganyika tuliutwanga tukala wote. Mzee akanitania, "Wali wako mtamu, ila usitupikie tena!"

Mwanangu, ukikosea, sema mapema, kosa lisije likafika kwenye shamba la mtu asiyejua. Aibu yake ni ya siku moja. Wala usingoje mwenzako akusemee. Mume wangu aliniachia nafasi hiyo, na mpaka leo namshukuru.

Mungu akupe moyo wa kusema, akupe na watu wa kukusikiliza bila kukuvunja. Ulale salama, uamke salama, wewe na watakaozaliwa kwako.