Fatiha ya Safari ya Swaleh

Hadi leo nikisikia harufu ya samli na iliki, huweka mwiko chini kabla mate hayajanijaa. Wenzangu wakinusa pilau huwaza harusi. Mimi huwaza ukumbi wa nyumba yetu ya Likoni, mikeka imetandikwa mpaka barazani, chetezo cha ubani kinafuka pembeni, na wanaume wamejipanga ukutani na kanzu zao za Ijumaa. Ilikuwa miaka ya mwisho ya ukoloni, kusi imeanza na embe zimekwisha, nami nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, mwenye masikio marefu kuliko adabu, kama alivyopenda kusema Mama. Kwa masikio hayo nilisikia mengi msimu ule, na mengine natamani nisingeyasikia.

Karamu ilikuwa ya kakangu Swaleh. Alikuwa amefaulu mtihani wa mwisho wa sekondari kwa alama ambazo mtaani kwetu hazijapata kusikika, na vyuo vikuu viwili vilimkubali, cha Kampala na cha Misri. Siku hizi mtu akipata bahati hiyo ataambiwa ni heri juu ya heri. Wakati ule ilikuwa ni kuvutwa na koo mbili zisizopikika chungu kimoja. Aliyesoma Kampala alirudi na tai shingoni na kazi ya serikali. Aliyesoma Misri alirudi na Kiarabu kilichonyooka na habari za dunia, na wa huku waliwacheka wa kule kila baraza. Isitoshe, watu walikuwa wakibishana kutwa kama Pwani ibaki chini ya Sultani au iungane na bara, basi hata masomo ya mtoto yakatiwa humo: ukienda Kampala umeelekea bara, ukienda Misri umeshika asili yako. Ulikuwa upuuzi mtupu, lakini nawajua watu walioacha kuamkiana kwa sababu ya upuuzi huo.

Nyumbani kwetu vita hivyo vilikuwa na majemadari wawili. Baba alikuwa akiendesha winchi bandarini Kilindini, na kila alfajiri alivuka na kivuko akiwa na chai yake kwenye chupa. Yeye alitaka Kampala, na alikuwa keshawatangazia wenzake wa gatini kwamba mwanawe atakuwa daktari. Mjomba Khatibu, kaka yake Mama, alikuwa na madrasa Kisauni, na aliyemtafutia Swaleh nafasi ya Misri alikuwa yeye. Kwetu mjomba ana haki yake kwa mtoto wa dadake, na Mjomba Khatibu hakuwa mtu wa kusahau haki. Baba na yeye hawakugombana hata siku moja. Walisalimiana kwa heshima kubwa, wakaulizana hali za watu wote hadi za kuku, na adabu ile ilinitisha kuliko kelele. Majirani walimtania Swaleh kwamba njia mbili zilimshinda fisi, naye alicheka kwa mdomo tu.

Mimi nilijua alikotaka, kwa sababu mgonjwa wake wa kwanza nilikuwa mimi. Alinifunga miguu mizima kwa vitambaa vya leso kuukuu, na akikunja karatasi nene mfano wa pembe, alisikiliza moyo wangu huku amefumba macho. Hamu hiyo ilimshika tangu siku jirani yetu mmoja, mama wa Kidigo, alipojifungulia kwenye kivuko kabla hakijafika ng'ambo, kwa kuwa hospitali ilikuwa kisiwani na uchungu haungoji zamu. Swaleh alikuwemo kivukoni siku hiyo. Kampala walikuwa wamempa nafasi ya udaktari. Misri ilikuwa ya dini na lugha. Aliniambia mimi, nikaapa wallahi sitasema. Wengine hakuwaambia, na wala hakuna aliyemuuliza.

Basi Baba akaona amalize maneno. Akaita watu baada ya sala ya Ijumaa, wale pilau, washukuru, na mwisho atangaze mbele yao kwamba mwanawe anakwenda Kampala. Likishasemwa mbele ya watu, limekwisha. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila alisahau kitu kimoja ambacho hakuna mtu wa kwetu angeweza kukikwepa. Mwalimu akiwa nyumbani mwako, tena shemeji yako, humpi mtu mwingine dua. Vyombo vilipoondolewa, Baba akainama kidogo, akasema, "Shemeji, tufungulie kwa dua." Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake, nimepachika jicho kwenye upenyo. Mjomba akainua mikono, na ukumbi wote ukainua. Akamshukuru Mungu, akawaombea rehema marehemu wetu mmoja mmoja, akamwombea Baba nguvu na riziki. Halafu, bila kubadilisha sauti, akasema, "Na kijana wetu Swaleh, Mola amfungulie safari yake ya Misri, amfikishe salama na amrudishe salama. Alfatiha."

Nilimwona Baba. Viganja vyake vilikuwa tayari wazi mbele ya kifua, navyo havikushuka. Nani hushusha mikono katikati ya Fatiha, mbele ya watu, nyumbani mwake mwenyewe? Midomo yake ilisoma. Swaleh naye alisoma, macho yake yameganda kwenye mkeka. Wakaitikia amin kwa sauti moja, wakajipangusa nyuso, na wazee wakaanza kumpa Swaleh mkono wa heri. Mama alikuwa amenishika bega nyuma ya pazia, na kucha zake ziliniuma mpaka nikataka kulia. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Siku ile wazee walijaa ukumbi mzima.

Kwetu, jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Ndivyo posa zinavyofungwa, na ndivyo ugomvi wa mashamba unavyomalizwa. Anayelifungua huonekana kaivunja Fatiha yenyewe, na hakuna mama atakayelala na hofu hiyo juu ya mwanawe. Nyumba ikawa nzito. Baba alitoka kazini, akala, akalala. Mama, aliyekuwa kati ya mume na ndugu, aliunguza mchuzi wa nazi, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani. Swaleh akawa anaacha chakula sahanini. Mwishowe alimfuata Baba barazani, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba bado anataka Kampala. Baba aliokota chupa yake ya chai. "Nami niliitikia amin, mwanangu," akasema, kisha akaingia ndani.

Basi Swaleh akaamua kwenda Kisauni mwenyewe, nami nikatumwa niandamane naye na bakuli la mkate wa sinia, maana kwa mjomba hakuendwi mikono mitupu. Tulivuka kivuko, tukapita mjini, tukaenda mpaka daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea juu ya maji, mbao zake zikigonga chini ya miguu. Mjomba tulimkuta kwenye ukumbi wa madrasa, wanafunzi wamekwenda, anachonga kalamu za mwanzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Mamako hajambo?"

"Hajambo, akusalimu." Swaleh alikaa chini, si kwenye kiti alichoonyeshwa. "Mjomba, nimekuja kukutaka radhi kabla sijakosa."

"Radhi ya nini?"

"Moyo wangu uko Kampala. Nataka kusomea udaktari."

Mjomba hakuinua macho. Alichonga kalamu ile mpaka ikawa nyembamba isiyofaa kuandikia. "Na siku ile ulipoinua mikono, ulikuwa waitikia nini?"

"Nilikuitikia wewe, mjomba. Ningeishusha vipi mbele ya watu wale?"

"Basi na mimi niishushe vipi mbele ya watu hao hao?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Lau ungalisema mapema. Fatiha si ubao wa mtoto, uoshwe na maji uandikwe upya. Ukienda Kampala sikulaani. Lakini radhi sina, wala kukuaga siji."

Nilimchukia Mjomba pale pale, na sikuonja ule mkate alionikatia. Nilikuwa mtoto, sikuelewa kwa nini kalamu ile aliiharibu. Kurudi, Swaleh alinishika mkono darajani, na tulipofika katikati akasimama akatazama maji. Tulipofika Likoni alikwenda moja kwa moja jikoni, akamwambia Mama amshonee kanzu za safari.

Akaenda Misri. Siku ya kuondoka Mama alisimama mlangoni na Msahafu juu ya mikono yake, Swaleh akainama akapita chini yake, akaenda kupanda meli Kilindini. Baba hakuchukua ruhusa kazini. Wenzake walisema winchi yake ilifanya kazi siku ile kutoka asubuhi mpaka jioni, hata saa ya chai haikusimama.

Swaleh alirudi tukiwa tumeshapata uhuru, na ugomvi wa Sultani na bara umeshakuwa hadithi ya barazani. Akawa mwalimu, mwalimu mzuri, wanafunzi wake wametapakaa hadi Lamu. Sitamsingizia huzuni ambayo hakuwa nayo. Lakini mtoto wa ukoo akianguka au akikohoa, aliletwa kwake kwanza, naye aliweka sikio kifuani akafumba macho. Mjomba Khatibu alipozeeka miguu ikamvimba, na siku moja, akingoja gari la kumpeleka hospitali, akasema, "Lau tungekuwa na daktari wetu nyumbani." Swaleh ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Mimi nilimuuliza Swaleh mara moja tu, sote tumeshaota mvi. "Misri ilinipa mengi," akaniambia. "Ila mtu akiniuliza niliichaguaje, sina la kumjibu."

Mwezi uliopita mjukuu wangu Rukia alipata nafasi katika vyuo viwili vya Nairobi, vile ambavyo wanafunzi wake hawaachi kuchekana. Babake alikuwa keshachagua kimoja, akakitangaza kwenye kikundi cha simu cha ukoo, na amin zikaanza kumiminika kutoka Kisauni, Changamwe, mpaka Maskati. Wakaja kwangu kula pilau. Kwa kuwa waliokuwa wakubwa wangu wote wametangulia, wakanitaka nisome dua. Mikono yote ikainuka, ya Rukia pia, macho yake yako kwenye mkeka.

Yangu niliiacha mapajani. "Rukia," nikasema, "wewe wataka kwenda wapi?"

Akamtazama babake. Babake akaniambia, "Mama, pilau inapoa."

Nikamwambia aiache ipoe.