Jina la Salma kwenye Sabla

Niliondoka Maskati kwa sababu dada yangu Salma alinituma, na Salma si mtu wa kutuma ovyo. Alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana kule Ibra, na mwaka ule alijiandikisha kugombea kiti cha Majlisi ya Shura, bunge letu. Kura ni ya siri na ni ya kila mtu. Lakini kwetu mambo huamuliwa mapema: wanaume wa kabila hukaa kwenye sabla, yaani baraza lao, wakakubaliana mtu mmoja, na siku ya uchaguzi wengine hufuata. Mwanamke haingii humo. Salma alihitaji mwanamume wa kulitaja jina lake Ijumaa, na kabla ya hapo alitaka niwapitie jamaa wawili wenye kauli, walioandikishwa Ibra lakini wanaishi mbali. Nilikubali mara moja. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuendesha gari.

Mwaka huohuo Wamarekani nao walikuwa kwenye kampeni za mchujo wa kumpata mgombea urais, na katika chama kimoja walikuwa wakishindana mwanamke mzungu na mwanamume mweusi. Kila nyumba niliyoingia, televisheni ilikuwa ikiwaonyesha.

Jumatano, saa kumi na moja jioni, nilifika Birkat al Mauz kwa shangazi yetu Bi Zuwena. Nyumba yake iko karibu na migomba, na maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, yanapita nyuma ya jiko. Nikampa shikamoo, akaniletea chai ya maziwa na mkate wa ufuta, akanikalisha mbele ya televisheni. Alikuwa upande wa yule mwanamke wa Kimarekani kama ni wa ukoo wetu. Kasoma, ana akili, kwa nini asipewe nchi? Moyo wangu ukatua. Nikamweleza habari za Salma nikiwa na hakika ya jibu.

Bi Zuwena akapunguza sauti ya televisheni.

"Salma ni mwanangu, usinifahamu vibaya," alisema. "Lakini mama yenu Mnyamwezi, baba. Watu watasema, Ibra nzima kakosekana mwanamke wa Kiarabu mpaka katafutwa mtoto wa Tabora?"

Nikamuuliza ni watu gani hao.

"Watu," akajibu, akanikatia kipande kingine cha mkate.

Mama yetu ndiye aliyemuuguza shangazi huyu kule Tabora, miezi mizima, mpaka akainuka kitandani. Sikumkumbusha. Nilikula mkate wake na alfajiri nikaaga.

Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, niliingia Sur. Nilikuwa nimepita Izki na Sinaw, na Ibra nikaipita bila kusimama, maana sikutaka kumwona Salma nikiwa mikono mitupu. Sur anaishi Nassor, mtoto wa ammi yetu, mwenye biashara ya samaki wa barafu. Alizaliwa Tabora kama sisi, na rangi yake ndiyo yangu. Ofisini kwake televisheni ilikuwa juu ya friji, na Nassor alikuwa upande wa yule mweusi, tena kwa jazba.

"Mwenzetu huyu," aliniambia akipiga meza. "Wakimpa huyu, hapa nani tena atatudharau?"

Nikaona basi, huyu rangi haimsumbui. Nikamtaja Salma. Akacheka kwa upole, kama anayemcheka mtoto.

"Kaka, kuwa siriasi. Salma ana breni kutushinda wote. Lakini mwanamke atakwenda kukaa na masheikh?"

Akaniahidi atafikiri, na mimi namjua Nassor akisema atafikiri. Nilirudi garini na hasira za kutosha. Shangazi hakuwa na ubaya na mwanamke, ila huyu mweusi. Nassor hakuwa na ubaya na mweusi, ila huyu mwanamke. Ningewakata nusu nusu nikawashona, ningempatia Salma kura moja. Njia nzima ya Ibra niliwatukana, nikajiona mtu bora.

Ijumaa, baada ya alasiri, Ibra. Tulivua viatu, tukakaa tukiegemea kuta, wazee upande wa juu. Mwenye baraza akaniuliza kama ada, kwa Kiarabu, kuna habari, kuna ulumu, yaani jipya lolote? Adabu ni kujibu kwamba hakuna, kisha kahawa inapita, tende zinapita, ndipo mwenye neno anasema. Nikajibu kwamba hakuna. Kahawa ikapita. Tende zikapita. Wakanitazama.

Kwetu mwanamume hataji jina la dada yake mbele ya wanaume. Hata mkewe humwita "watu wa nyumbani". Nililijua hilo tangu Maskati, na nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema. Lakini pale nililiona lile jina mdomoni mwangu kabla sijalitoa, nikaona akilini nyuso zote zikigeuka kutoka kwa Salma kumtazama mama, na kutoka kwa mama kunitazama mimi, pua yangu na nywele zangu. Niliona haya. Nasema kweli, nilimwonea haya dada yangu, na nilimwonea haya mama yangu aliye kaburini.

"Nyinyi wa Afrika mna neno?" aliuliza mzee mmoja, kwa Kiswahili kizuri cha Unguja.

"Hatuna, ammi."

Wakamtaja mtu wao, mwenye duka la magari. Haikuchukua muda.

Magharibi ilinikuta kwa Salma. Alifungua mlango kabla sijabisha, akauliza kama nimesema. Nikamwambia nimesema, wamekataa.

Machozi yakamlengalenga.

"Umenitaja mbele yao?" akasema. "Basi siliondoi jina langu, kaka. Wewe umesimama, mimi nitakaaje?"

Nilirudi Maskati usiku uleule, sikuweza kulala kwake. Salma aligombea, akashindwa vibaya mno, na waliomcheka ni pamoja na watoto wa skuli yake mwenyewe. Kura yangu nilimpa, kwa kuwa pale kwenye sanduku hapakuwa na wa kuniona. Kwenye safari ile nilijifunza ni nani katika ukoo wetu anayeona haya rangi, na ni nani anayeona haya mwanamke, na ni nani anayeona haya vyote viwili. Salma hajui. Mpaka leo, wageni wakija kwake, huwaambia kwamba sabla nzima ilikuwa na mwanamume mmoja tu, kisha ananionyesha mimi.