Ubao wa Kwenda Diani

Kaka yangu aliyaona mambo hayo kwanza kwenye simu: mtu amesimama juu ya ubao, wimbi linamfuata nyuma kama ng'ombe aliyekata kamba, na yeye hata hageuki kulitazama. Aliirudia video hiyo mpaka simu ikapata joto.

"Hii ndiyo tutafanya," akasema. "Mimi na wewe. Diani, halafu Kilifi, halafu Malindi."

Nilicheka tu. Mimi si mtu wa maneno mengi. Shule niliishia darasa la nane, na tangu hapo natengeneza majeneza kwa fundi mmoja hapa Malaba, kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kuingia Uganda. Kaka alikuwa akirekebisha simu kwenye kibanda cha pili. Alichagua kazi ya kukaa kwa sababu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Baridi ikimwingia, mifupa ilimuuma hadi akauma shuka asipige kelele. Tangu utotoni mama hakumruhusu kuoga mtoni. Nilipomkumbusha hayo, jibu alikuwa nalo tayari.

"Bahari ni ya moto. Uliza dereva."

Dereva huyo alikuwa mzee Mwislamu wa Busia mjini, aliyebeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa. Foleni ikikwama, alishuka kunywa chai karakana kwetu. Ndiye aliyekubali kutubeba. Alituambia twende katikati ya mwaka, wakati mawimbi yanapoinuka, na tusiingie majini kabla ya kuuliza wenyeji miamba iko wapi. Kaka alimhoji kama mtu anayenunua shamba. Maji yakitoka yanafika wapi? Kuna papa? Mtu akianguka anaumia wapi?

"Wewe unataka kuteleza au unataka kuoa bahari?" dereva akamuuliza.

"Nikioa, mzee, wewe ndiye mshenga."

Ubao wa dukani hatukuuweza, kwa hiyo niliutengeneza mwenyewe. Niliunganisha mbao za msaiprasi kwa gundi, nikazipiga randa. Ili nijue urefu, kaka alilala juu ya meza ya kazi nikampima kwa futi. Hapo ndipo fundi alipoingia. Hakuwahi kunipigia kelele vile. Katika karakana yetu mtu aliye hai hapimwi. Hata mteja akija kusema kwamba marehemu alikuwa wa kimo chake, fundi hamwekei futi. Humtazama tu kwa jicho, kisha akakata mbao.

"Shuka hapo! Hiyo meza haina mchezo."

Kaka alifumba macho, akakunja mikono kifuani. "Fundi, niwekee na dirisha."

Fundi hakucheka. Aliichukua ile futi mkononi mwangu akaitundika msumarini.

Sikuamini mambo hayo, na hata sasa siamini. Ugonjwa ulikuwako kabla ya futi.

Ubao ulipokwisha, ulikuwa mpana mabegani na mwembamba miguuni. Mkono wangu haukujua umbo lingine. Siku moja ya jua kali tulienda nao Port Victoria, tuujaribu ziwani pale maji yanapoishia magotini na yamepata moto. Wavuvi waliacha nyavu zao.

"Nyinyi! Hilo jeneza mnapeleka wapi?"

"Mwenyewe ako wapi? Ametoroka?"

"Mwenyewe ni mimi," kaka akajibu, nao wakacheka.

Akina mama waliokuwa wakianika dagaa wa omena hawakutaka tuutie majini. Mmoja alisema ziwa hili lina njaa ya kutosha, halihitaji kuonyeshwa sahani. Tulisogea mbali nao. Boti ya injini ikapita, ikaleta mkunjo wa maji, na kaka akasimama. Alisimama kwa muda wa mtu kutaja jina lake, kisha akaanguka. Nilimkausha haraka kwa shuka tuliyobeba. Alikuwa anatetemeka, lakini si kwa baridi.

"Hilo lilikuwa la boti," akasema. "Ngoja uone la bahari."

Alirudi mzima. Aliumwa baadaye, mvua za masika zilipokolea. Ilianza miguuni, kama kawaida, kisha ikapanda kifuani, na hiyo haikuwa kawaida. Hospitalini waliweka mpira wa hewa puani mwake. Kila alipoweza kuongea, aliniuliza kama dereva amepita. Nilimwambia bado. Mara ya mwisho aliniuliza asubuhi. Mchana mama alitoka wodini ameshika viatu vya kaka.

Niliporudi karakana, fundi alikuwa ameshasikia. Nilinyoosha mkono kuchukua futi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hakuna haja. Kipimo unacho."

Jeneza nililitengeneza mwenyewe. Mama alisema hataki kuuona ule ubao ukiegemea ukuta wake, basi nikaupunguza unene kwa randa, ukawa kifuniko. Ulitosha bila kukatwa popote.

Tulimzika kwetu Marachi. Baada ya mazishi tulinyolewa nywele zote, watu wote wa nyumba yetu, kama ilivyo desturi. Kabla ya kunyolewa hakuna anayeondoka. Mimi nilinyolewa, nikarudi kazini.

Nywele zilikuwa hazijaota dereva alipofika. Alipiga honi tangu mbali, akashuka akicheka.

"Vijana wa Diani! Nikishusha mzigo nageuza. Mko tayari?"

Niliendelea kupiga randa nikiwa nimeinama, na kofia sikuwa nayo. Akaacha kucheka. Alitazama kichwa changu, akatazama kibanda cha simu kilivyofungwa, kisha akasema taratibu, "Inna lillahi." Akaketi juu ya rundo la mbao. Chai aliyoletewa hakuigusa.

Baadaye akasema, "Nafasi yako bado iko. Beba ule ubao, nenda ukamwonee bahari."

Nilitikisa kichwa.

"Ubao wenyewe uko wapi?"

"Ameenda nao," nikasema.

Foleni ilikuwa imesogea. Malori ya nyuma yakaanza kupiga honi, naye akainuka kwenda kuondoa lake.