Kijicho cha Dereva wa Saruji

Kabla ya kubeba saruji, dereva huyu alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Goti lilipomharibikia akampa mdogo wake ile baiskeli, kwa moyo mweupe kabisa. Moyo ulianza kuchafuka mdogo alipoanza kushinda.

Mama yao alitundika picha za mdogo sebuleni, moja baada ya nyingine, mpaka ya kaka ikahamishiwa jikoni.

"Imepata nafasi nzuri, mwanangu," mama alisema. "Naiona kila nikipika."

Dereva alicheka, lakini chai yake aliiacha mezani. Njiani nako watu walimsimamisha: "Wewe si kaka yake yule bingwa?" Hakuna aliyekumbuka kwamba naye aliwahi kuwa mtu.

Jumamosi moja asubuhi alitoka kiwandani na mzigo kamili. Kwenye mteremko akawakuta waendesha baiskeli sita mazoezini, wamefuatana mmoja mmoja pembeni mwa lami. Wa mwisho alikuwa mdogo wake. Mgongo ule angeujua popote. Upande wa pili kulikuwa na gari linakuja. Alichotakiwa ni kupunguza mwendo, asubiri gari lile lipite, kisha awapite akiwa mbali nao. Alilijua hilo kuliko madereva wote wa pale kiwandani, maana naye aliwahi kuyumbishwa na upepo wa malori.

Hakupunguza. Alitaka amtishe kidogo tu.

Lori lilipita karibu mno. Mdogo akayumba, gurudumu likatoka nje ya lami, akaangukia mtaroni. Dereva aliyaona yote kwenye kioo. Alisimamisha lori, akarudi mbio huku akichechemea.

Hospitalini waliambiwa mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, umevunjika.

"Niliisikia injini yako," mdogo alisema, mkono umefungwa kifuani. "Nikajua ni kaka. Hata sikugeuka."

Dereva angeweza kusingizia breki.

"Nilikuona," akasema. "Nilifanya makusudi. Nilikuwa nakuonea wivu."

Mdogo akageukia ukutani.

Dereva alikwenda kumweleza msimamizi wake ukweli huohuo, akanyang'anywa lori, akawekwa kupakia mifuko. Nyumbani, mama alimpunguzia maneno yakabaki salamu. Mdogo hata salamu hakumpa, miezi mitatu mizima.

Kisha siku moja mdogo akamfuata pale pale kwenye mifuko.

"Tumepata pikapu ya kutulinda nyuma tukiwa mazoezini, yenye taa za tahadhari," alisema. "Tunataka dereva."

"Mimi?"

"Wengine hawajui lori linamfanya nini mtu wa baiskeli. Wewe unajua. Sijasema nimekusamehe, kaka."

Akakubali. Kila Jumamosi alitambaa nyuma yao, taa zikiwaka, akiyazuia malori mpaka barabara iwe wazi, na alitukanwa sana na madereva wenzake. Kwenye mbio za mwaka ule, mdogo alishika nafasi ya kwanza. Dereva alishuka kwenye pikapu akapiga makofi pamoja na wengine. Wivu ulimkaba palepale. Akaendelea kupiga.