Gauni la Miaka Miwili

Fundi cherehani huyu, wateja huwapima kwa futi, lakini wajukuu zake huwapima kwa shubiri za mkono wake, akihesabu kwa sauti kama anapiga mnada. Leo mabegi yameshapakiwa garini. Kanisa limewatuma yeye na bibi wakahubiri nchi ya mbali, miaka miwili mizima, na yeye bado kainamia cherehani anamalizia upindo.

"Mzee, gari linangoja!" bibi akafoka nje. "Au nikahubiri peke yangu?"

"Tangulia, mama mchungaji. Namuaga mke mdogo."

Mke mdogo ni mjukuu wao wa miaka minne. Kanuna tangu asubuhi, kwa nini mume anamwacha yeye na kusafiri na mke mkubwa. Babu akamvika gauni. Likamwagika hadi sakafuni, mikono yake ikameza vidole.

"Babu, umekosea."

"Sijakosea, mke wangu. Hilo ni la siku tutakayorudi. Likikutosha tu, chungulia njiani, utatuona."

Alicheka, ila kiganja hakikutoka begani kwa mtoto. Safari haikumtisha. Kilichomtisha ni kurudi na kuamkiwa kama mgeni.

Mtoto akafikiri kidogo. Akakokota kigoda cha cherehani, akapanda, akasimama kwa ncha za vidole mpaka upindo ukaachana na sakafu.

"Limenitosha," akasema. "Haya, shusheni mabegi."